Mzee ameniuliza damu yake itakaa wapi akifa

Swali la msomaji

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kibayolojia hapa Marekani. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Walivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya mwaka 1996, wakapokelewa Kigoma, nami nikazaliwa miaka mitatu baadaye katika kambi ya Nyarugusu. Nilikuja huku nikiwa na miaka 13. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe limenipata kwa Kiswahili, na kila nilipojaribu kuwaeleza wenzangu wa maabara kwa Kiingereza nililiona likipungua uzito mdomoni mwangu.

Mdogo wangu wa kiume ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ambao wazee wetu, kwa mazoea ya Kongo, wanauita SS. Alipokuwa na miezi minane vidole vyake vilivimba hata ngozi ikang'aa, na majirani kambini wakasema amerogwa, mpaka nesi mmoja alipomwambia mama apeleke damu yake ikapimwe. Akiwa na miaka 14, tukiwa tayari huku, alilazwa kwa maumivu ya kifua. Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni 95, na muuguzi akatuambia namba ni nzuri. Mama hakuwa anaangalia namba. Alikuwa anaangalia midomo ya mtoto kwa ndani. Akaniambia, "Waambie huyu hapumui vizuri." Nilitafsiri maneno hayo mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Hatimaye walipochukua damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kwenye kifundo cha mkono, oksijeni ilikuwa 87. Aliongezewa damu usiku uleule. Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni nikikusudia kusoma uhasibu, na kabla muhula haujaisha nilikuwa nimehamia uhandisi.

Habari hiyo ndiyo niliyoiandika nilipoomba nafasi ya uzamivu. Niliandika kwamba nataka kutengeneza vifaa vinavyomsoma mtu mweusi kwa usahihi, na kwamba nawiwa na watu wa asili yangu, ambao utafiti huwafikia wa mwisho. Nilimaanisha kila neno, na ninamaanisha hata leo.

Maabara yetu inatengeneza kipima oksijeni kipya. Tulipoomba ruzuku, habari ya mdogo wangu iliwekwa ukurasa wa kwanza kwa idhini yangu, na ruzuku tukaipata. Sasa msimamizi wangu, ambaye kwa haki ni lazima niseme amenitendea wema mwingi, anataka niandikishe watu 60 kutoka kanisa letu la Wakongomani. Kila mmoja atavaa kifaa kwa dakika 20, kisha atatolewa mililita 10 za damu mkononi ili kupima wingi na aina ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na itakayobaki itagandishwa "kwa ajili ya tafiti zijazo". Fomu ya ridhaa ina kurasa 11 za Kiingereza. Nimepewa kazi ya kuitafsiri, kuieleza na kukusanya saini, kwa maelezo kwamba mimi ndiye ninayeaminika.

Jumapili mbili zilizopita nilianza kazi hiyo katika ukumbi wa chini wa kanisa, baada ya ibada, kina mama wakipakua sombe na ugali. Sikuwa nimemaliza kueleza ukurasa wa pili, na tayari watu 14 walikuwa wanaomba kalamu. Mama mmoja alisema, "Wewe ni mtoto wetu, tuonyeshe tu pa kuandika." Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Baraka kule Fizi, alipovua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hii itakayobaki, mimi nikifa itakaa wapi? Na ni nani atakayejua kwamba ni yangu?" Sikuwa na jibu. Nilizikusanya karatasi zote, hata zile zilizokwisha kutiwa saini, nikasema tutaendelea siku nyingine.

Nilipomwomba msimamizi tuahirishe, alisema fomu imepitishwa na bodi ya maadili, kwa hiyo haoni tatizo liko wapi, na kwamba taarifa ya maendeleo inatakiwa baada ya miezi minne. Mwanafunzi mwenzangu aliniambia kwamba niliingia hapa kwa sababu ya masimulizi ya familia yangu, na sasa nashangaa kutakiwa kuyafanyia kazi. Mama anasema nisigombane na mtu anayenilisha. Usiku nawaza kuacha yote nirudi Tanzania, nikafanye kazi karibu na kambi niliyozaliwa.

Mwalimu, je, mimi nawatumikia watu wangu au nawauza?

Mwanao,
Msomaji wa Marekani

Jibu la Mwalimu

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna jambo la kihandisi ulilolipita bila kulisimamia, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalofungua mengine yote. Kabla sijaingia darasani nilikuwa fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya mkoa kwa miaka mingi, kwa hiyo unisamehe nikianza na kifaa, ndipo nije kwenye dhamiri.

Yaliyompata mdogo wako usiku ule yana historia. Kipimo hicho cha kidoleni kinatokana na wazo la Mjapani Takuo Aoyagi la mwaka 1974: kupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kwenye kidole, kisha kulinganisha jinsi kila mmoja unavyofyonzwa damu inapodunda, kwa kuwa hemoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa viwango tofauti. Lakini uwiano huo peke yake haukwambii asilimia ya oksijeni. Ili ugeuzwe kuwa namba, kifaa hulinganishwa na damu halisi ya watu waliojitolea, na kama watu hao wengi ni weupe, basi namba itakayotoka ni namba ya ngozi zao. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo hufyonza mwanga. Mwaka 1990 watafiti Jubran na Tobin walikwisha kuchapisha kwamba vipimo hivyo vinapotoka zaidi kwa wagonjwa weusi. Ikapita miaka 30. Desemba 2020, katikati ya UVIKO-19, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma kati ya 92 na 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya weusi na asilimia 3.6 ya weupe. Mdogo wako, mwenye 95 kidoleni na 87 katika damu, ni mmoja wa watu wanaosemwa na takwimu hiyo, hata kama jina lake halimo. Ninapofikiria watoto wenye selimundu naumia zaidi, maana kwao uamuzi wa kuongeza damu kifua kinapobana hutegemea sana namba hiyohiyo.

Kwa hiyo kazi uliyoichagua ni ya haki na ni ya lazima, na sitaki uiache. Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani uliridhika kifaa kikijaribiwa kwa watu wasiopungua 10, wenye ngozi nyeusi wakiwa angalau wawili au asilimia 15. Wawili, mwanangu. Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu mpya inayotaka washiriki 150 au zaidi na rangi ya ngozi ipimwe kwa utaratibu maalumu. Dunia imeanza kuuliza swali aliloliuliza mama yako kando ya kitanda.

Sasa turudi kwenye ukumbi wa kanisa. Damu ambayo msimamizi wako anaitaka itatoka mkononi, maana yake itatoka kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba oksijeni ya damu ya vena haiwezi kusahihisha kipima oksijeni, kwa kuwa kifaa kinasoma damu ya ateri. Tena waumini wenye afya njema waliotoka kuimba kwaya wengi wao watakuwa na oksijeni ya 96 hadi 99, na makosa tunayoyahofia hujitokeza zaidi oksijeni inaposhuka. Majaribio ya kweli ya kifaa cha namna hii hufanywa katika maabara maalumu, mtu mwenye afya akipewa hewa yenye oksijeni pungufu kwa hatua, daktari akiwa pembeni na mrija mwembamba ukiwa ndani ya ateri. Au hufanywa hospitalini kwa wagonjwa ambao damu yao ya ateri inachukuliwa hata hivyo kwa ajili ya matibabu yao. Kukivaa kifaa dakika 20 ukumbini kunaweza kukufundisha jinsi mwanga unavyopita katika ngozi mbalimbali, na hilo lina faida kubwa. Kujua wingi wa hemoglobini kunaweza kusaidia kidogo, na kwa hilo tone moja la kidole linatosha. Je, mililita 10 ni za nini? Na aina ya hemoglobini ya kila muumini ni ya nini?

Hilo ndilo swali la kwanza unalopaswa kulipeleka kwa msimamizi, na ulipeleke kama mhandisi, kwa maandishi, kwa lugha ileile mnayoitumia kujadili michoro na saketi. Inawezekana ana jibu zuri ambalo hukuelezwa. Inawezekana pia kwamba damu iliingizwa kwenye mpango kwa sababu watu walikuwa wanapatikana kwa urahisi, na jokofu lilikuwa na nafasi. Nimeona mipango mingi ikinenepa kwa njia hiyo, na wanaoinenepesha si watu wabaya.

Kuhusu aina ya hemoglobini nakuomba uwe mwangalifu kupita kiasi. Mtoto hupata selimundu anaporithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana chembe moja tu na haugui, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Katika kanisa ambamo familia nzima zinapimwa siku moja, majibu yakipangwa mezani yanaweza kusema mambo ya ndoa ambayo hakuna aliyekuja kuyauliza, kwa mfano mtoto mgonjwa ambaye mume wa nyumba si mbebaji. Yanaweza pia kumfikia kijana ambaye posa yake iko njiani. Hayo si madhara ya kuwaziwa tu. Kwetu uchumba umewahi kuvunjika kwa habari ndogo kuliko hiyo. Fomu yako inasema nani atapewa majibu, nani atamshauri, na nani hatayaona kamwe? Kama haisemi, haijakamilika, hata kama imepitishwa.

Mzee wa Baraka ameuliza swali ambalo kabila zima la Arizona liliwahi kulipeleka mahakamani. Wahavasupai ni watu wachache wanaoishi chini katika korongo la Grand Canyon. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakiamini ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya pili, na fomu waliyotia saini ilikuwa na maneno mapana. Mwaka 2003 mwanamke wa kabila hilo, Carletta Tilousi, alihudhuria mwanafunzi wa uzamivu akiwasilisha utafiti wake, akagundua kwamba unatokana na damu ya watu wake, akasimama akauliza kama ruhusa iliombwa. Ikabainika kwamba damu hiyo ilikuwa imetumiwa kutafiti maradhi ya akili, kuoana kwa ndugu, na uhamaji wa kale ambao matokeo yake yalipingana na masimulizi yao wenyewe kuhusu walikotoka. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki, na wenyewe wakaichukua wakaipeleka kwao korongoni. Nakueleza haya si kwa kukutisha. Mwanafunzi aliyekuwa mbele ya ukumbi siku ile hakuwa ndiye aliyechukua damu mwaka 1990, aliikuta jokofuni. Ukisema "tafiti zijazo" unamfungulia mlango mtu ambaye hata hajazaliwa, na wewe hutakuwepo kumwambia mzee yule alikuwa nani.

Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye chembe moja tu ya selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria, na alilijua hilo kwa kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Ni moja ya gunduzi kubwa za karne ile. Nimelifundisha somo hilo kwa miaka, na jina la Allison kila mwanafunzi wangu analijua, lakini sijawahi kuweza kuwatajia hata mtu mmoja kati ya wale walionyoosha vidole. Mzee wako anataka mtu ajue kwamba ni yake. Sioni kama ameomba kikubwa.

Basi kuhusu ridhaa nakwambia waziwazi: wewe usiwe ndiye unayekusanya saini. Yule mama aliyesema "wewe ni mtoto wetu, tuonyeshe tu pa kuandika" hakuukubali utafiti, alikukubali wewe. Unajua malezi yetu. Mtu mzima huona haya kumnyima mtoto wa nyumbani jambo lililo ndani ya uwezo wake, hasa mtoto aliyesoma akawapa heshima wote, na haya hiyo ndiyo itakayokuwa imetia saini. Tena nadhani msimamizi wako, aliposema unaaminika, hakutambua kwamba imani hiyo si mali yako peke yako. Imelimbikizwa na mama yako kwenye misiba aliyokaa, na baba yako kwenye michango aliyotoa, tangu Nyarugusu. Usiitumie kulipia ratiba ya maabara.

Iombe bodi ya maadili iandike upya utaratibu. Anayeeleza na kupokea saini awe mtu mwingine anayejua Kiswahili na asiyekuwa na undugu wala ushirika na kanisa hilo. Wewe uwepo siku ya kifaa, uwavishe, uwaonyeshe mwanga wao wenyewe kwenye skrini. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, kisha mwingine ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza airudishe kwa Kiingereza, mlinganishe, mtaona mlipopotea. Kanuni za Marekani za utafiti kwa binadamu zilizorekebishwa, ambazo zilianza kutumika kikamilifu Januari 2019, zinataka fomu ianze kwa maelezo mafupi ya mambo makuu yanayomsaidia mtu kuamua, na zinataka aelezwe kama sampuli zake, baada ya kuondolewa utambulisho, zinaweza kutumika katika tafiti nyingine bila kuulizwa tena. Kurasa 11 zisizo na ukurasa huo wa mwanzo hazijatimiza kusudi hilo. Suala la kuhifadhi damu lipewe saini yake peke yake, ili mtu aweze kukubali kuvaa kifaa na kukataa jokofu bila kujieleza kwa yeyote. Na ile damu ikihifadhiwa, iandikwe itakaa miaka mingapi, chini ya nani, itateketezwa vipi, na mtu au watoto wake wataiondoaje wakibadili nia.

Zile karatasi zilizokwisha kutiwa saini zipeleke kwa bodi ukiwa na maelezo ya jinsi zilivyopatikana. Usizichane na usizitumie.

Utaniambia msimamizi atakasirika, na miezi minne ni michache. Nenda kwake na mpango mkononi badala ya malalamiko. Mwambie sehemu ya kifaa inaweza kuanza mara moja bila damu. Mwonyeshe kwamba watu 60 wa kanisa moja wana rangi zinazokaribiana, na kwamba mnahitaji ngozi za upana wote. Rangi ipimwe kwa kifaa cha kupima mwanga unaoakisiwa na ngozi, na kwa jicho mtumie ngazi kumi za rangi ya ngozi za Monk badala ya kutegemea ngazi sita za Fitzpatrick, ambazo zilianza mwaka 1975 kwa ajili ya kueleza jinsi ngozi nyeupe inavyoungua na jua. Pendekeza ushirikiano na kliniki ya selimundu ambako damu ya ateri inapochukuliwa kwa matibabu, mgonjwa anaombwa tu ruhusa ya kulinganisha. Mpango huo ni wa adabu, na ni sayansi bora kuliko ule wa mwanzo. Kubadili mpango wa utafiti kwa kibali cha bodi na cha mfadhili ni jambo la kawaida, na taarifa ya maendeleo inaweza kusema wazi kwamba mmebadili na kwa nini. Akikataa hata kuupeleka mbele, ndipo uende kwa mkuu wa programu yenu, au kwa mjumbe mwingine wa kamati yako ya tasnifu, na uende ukiwa na barua zako zenye tarehe.

Mwenzako aliyekuambia kwamba uliingia kwa masimulizi amekosea mahali ambapo wengi hukosea. Mama yako alipotazama ndani ya mdomo wa mtoto, alikuwa anapima. Ngozi nyeusi haionyeshi ubluu wa kukosa oksijeni juu juu, kwa hiyo unatazama ulimi, ufizi, upande wa ndani wa mdomo, na kwa upungufu wa damu unatazama viganja na ndani ya kope. Mama alikuwa na taarifa sahihi kuliko mashine, na wewe ulikuwa mtu pekee katika chumba kile uliyeelewa taarifa zote mbili. Urithi wako umo hapo, katika kujua pa kutazama, na unaweza kuuingiza moja kwa moja kwenye usanifu.

Nitakupa mfano mmoja kutoka kazini kwangu. Usiku mmoja aliletwa wodini bibi harusi mwenye pumu, mikono imepambwa kwa piko nyeusi mpaka kucha. Kipimo kikawa hakisomi kitu kidole baada ya kidole, na muuguzi kijana akaniita akidhani kimeharibika. Mkunga mmoja mzee wa Kitanga aliyekuwa anapita alisimama, akautazama ule mkono, akachukua klipu akaibana kwenye ncha ya sikio, namba ikaja, akaendelea na safari yake. Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Hakikuwa kimetengenezwa na mtu aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani. Keti na kina mama wa kanisa lenu wenye watoto wagonjwa, uwaulize walichokiona kabla ya mashine kuona, uandike kwa maneno yao. Hapo hakuna sindano, na watafiti wengi wangetamani kuyapata maneno hayo lakini hawana lugha ya kuyaulizia.

Kuhusu kurudi Tanzania, sikatazi, na Muhimbili kuna watu waliofanya kazi kubwa ya selimundu kwa miaka mingi ambao ungejifunza kwao. Lakini usirudi kwa kukimbia swali la mzee. Hata huku utahitaji kibali cha maadili, na siku utakapofika Nyarugusu na begi la vifaa watakaokupokea nao watasema wewe ni mtoto wao. Maliza shahada yako kwanza, ukiwa umejifunza kulijibu. Mama naye umweleze kwa utulivu kwamba hugombani na anayekulisha. Mwombe akukumbushe ni nani aliyekataa namba ya muuguzi usiku ule.

Jumapili hii nenda kanisani bila fomu. Mtafute mzee, ukae naye, umwambie kwamba bado huna jibu, na kwamba swali lake limeandikwa kama alivyolisema katika barua uliyoipeleka kwa bodi ya maadili. Mwonyeshe hiyo barua umtafsirie. Kisha mwombe kwamba tafsiri ya Kiswahili itakapokuwa tayari, yeye ndiye awe wa kwanza kuisoma, na aweke alama kila mahali ambapo hakuelewa. Alikuwa mwalimu wa shule. Mpelekee na kalamu nyekundu.

Mwalimu